Wampembe na njia za wapagazi

Mgeni anayetaka kutembea Ufipa huambiwa aanzie Kalambo, na si ushauri mbaya. Maporomoko hayo ya mpakani mwa Tanzania na Zambia hudondoka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, karibu mara mbili ya yale ya Victoria. Lakini mimi ningempeleka Wampembe kwanza, wilayani Nkasi, akaone ukuta wa Bonde la Ufa kutokea chini. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa Sumbawanga umepita 1,700. Tofauti hiyo watu wameipanda na kuishuka kwa miguu tangu zamani, samaki wakienda juu na nafaka ikiteremka.

Misafara ya wapagazi nayo ilipita pande hizi. Agosti 1872 mpelelezi David Livingstone aliondoka Unyanyembe, karibu na Tabora, na wapagazi aliotumiwa na mwanahabari Stanley. Oktoba akafika ziwani, akashika njia ya mwambao kuelekea kusini. Jua kali, mawe na vilima visivyokwisha vilimmaliza nguvu, naye tayari alikuwa mgonjwa. Alifariki Mei 1873 karibu na Ziwa Bangweulu. Watumishi wake Abdullah Susi na James Chuma, walipoongoza msafara wa kuupeleka mwili wake pwani, hawakuirudia njia ile. Walijitenga na ziwa, wakapita juu, upande wa uwanda wa Ufipa, hadi Unyanyembe na hatimaye Bagamoyo. Vitabu humsifu bwana wao kwa ugunduzi. Kwa kuchagua njia, naona wao ndio waliokuwa mabingwa.

Huko juu ndiko yaliko malungu, tanuru ndefu za udongo ambamo Wafipa waliyeyushia mawe ya chuma. Baadhi zilizidi kimo cha mtu, na hazikuhitaji mivukuto: hewa ilivutwa yenyewe kupitia matundu ya chini, makaa yakawaka siku kadhaa. Chuma kilichotoka bado kilikuwa na uchafu, kwa hiyo kilisafishwa kwenye tanuru ndogo, kintengwe, kabla ya kufuliwa majembe. Chuma cha kigeni kilipojaa madukani kazi hiyo ikafa. Magofu yake yamebaki mashambani, mengine yakibomoka kila mvua, na hilo linauma.

Kalambo nako kuna ya kale zaidi. Mwanaakiolojia Desmond Clark alianza kuchimba juu ya maporomoko mwaka 1953. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kupatikana hapo kwa magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa pamoja, yenye umri wa miaka 476,000 au zaidi.

Wampembe yenyewe ilijulikana kwa meli. Liemba, iliyozinduliwa 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 na kurudi kazini 1927, ilitia nanga hapa kwa miongo mingi.

Ufipa haina haja ya kuchongewa njia mpya za utalii. Halmashauri za Nkasi, Kalambo na Sumbawanga zianze na vibao kwenye zilizopo, ziyazungushie malungu uzio, na waongozaji wawe vijana wa vijiji vilevile. Nawe msomaji, ukienda, nenda kati ya Juni na Oktoba. Mvua zikishaanza, miteremko ya Wampembe haina huruma.