Frankel na Mikorosho ya Kusini

Fedha yaweza kununua jembe, na hata mtambo wa kung'oa miti, lakini haiwezi kununua uzoefu wa shamba. Jambo hili, ambalo mkulima hulijua bila kufundishwa, liliigharimu serikali ya Uingereza pauni milioni 36 katika Tanganyika. Miongoni mwa walioeleza vyema sababu ya hasara hiyo alikuwa Sally Herbert Frankel, mjuzi wa elimu ya uchumi.

Frankel alizaliwa Johannesburg mwaka 1903. Alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand tangu 1931 hata 1946, kisha akaitwa Oxford kufundisha uchumi wa makoloni. Kitabu chake juu ya mitaji iliyowekwa Afrika kilitoka mwaka 1938. Aliamini kwamba mtu yafaa awe huru kuuza, kununua na kufanya kazi apendayo. Kwa sababu hiyo aliupinga ubaguzi wa rangi uliomfungia Mwafrika milango ya kazi katika nchi yake. Alikuwa pia katika jumuiya ya Mont Pelerin, ambayo Friedrich Hayek aliianzisha mwaka 1947.

Mwaka uo huo mpango wa karanga ulianza. Ekari zaidi ya milioni tatu zilikusudiwa kufyekwa, nyingi kati ya hizo Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea bandari ya Mtwara ilijengwa na reli ikalazwa. Lakini udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama tofali, mvua ikawa haba, na matrekta yakaharibika. Mapema mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli ilisogezwa mpaka Masasi mwaka 1958. Mwaka 1962 ikafungwa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Frankel hakulaumu mvua wala matrekta. Alisema kosa lilikuwa kudhani kwamba mtaji ni kitu cha kupakiwa melini na kuteremshwa mahali popote. Mtaji, kwa maoni yake, ni matunda ya maarifa, desturi na majaribio ya watu. Ukitengwa na hayo huwa vyuma vitupu.

Ushahidi wa maneno yake ulikuwa karibu. Kutoka Mkomaindo, Masasi, njia ya Newala hupanda nyanda za juu za Makonde kati ya mikorosho. Miti hiyo asili yake ni Brazil, na katika miaka ya karanga wakulima wadogo waliizidisha wenyewe, wakiipanda pamoja na mihogo, kwa jembe la mkono. Msimu wa 1973/74 korosho za nchi nzima, nyingi zikitoka kusini, zilifika kiasi cha tani 145,000.

Hata hivyo mwenye hekima naye hukosolewa. Kati ya 1953 na 1955 Frankel alikuwa katika Tume ya Kifalme ya Afrika ya Mashariki, iliyoshauri ardhi iwe mali ya mtu mmoja mmoja, yenye hati, na iweze kuuzwa. Mwaka 1958 Julius Nyerere alilipinga wazo hilo, akihofia kwamba wenye fedha wangemeza ardhi ya maskini. Nayo mikorosho ilikwisha kustawi bila hati: mila ilitosha kumhakikishia mpandaji kwamba mti alioupanda ni wake.

Lakini mila ilikuwa ngao nyembamba. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, wengi wakaacha mikorosho yao mbali. Bei ya mnunuzi mmoja ikawa ndogo, ugonjwa wa ubwiriunga ukaenea, na msimu wa 1986/87 mavuno yakashuka hata kiasi cha tani 17,000. Walioihofia nguvu ya mwenye fedha hawakuihofia vya kutosha nguvu ya mwenye amri.

Frankel alifariki mwaka 1996. Nyerere aliona hatari ya soko, naye Frankel aliona hatari ya amri. Mkulima wa Newala alihitaji kinga dhidi ya zote mbili, kwa maana mkorosho huchukua miaka kuzaa, na hakuna apandaye mti kwa furaha asipokuwa na yakini ya kuuokotea matunda.