Nta Ilitoka Huku Mbele ya Shaba

Ukienda upande wa Mashamba, hapa Kolwezi, jina linakudanganya. Mashamba huyaoni. Unaona shimo la mgodi, malori, na vumbi ambalo ndani ya kiangazi linafunika hata nguo zilizoanikwa. Vumbi hilo njo linalisha vijana wa lavaji. Ukishalipa kuoshewa gari, watakuuliza: «Mukubwa, tutie na polishi? Itangaa sawa ya mupya!» Wengi tunaitika tu. Wachache tunauliza ndani ya lile kopo kuna nini, na kilitoka wapi.

Mi nilisoma agronomia, kwa hiyo nianzie kwenye jani. Mwaga maji juu ya jani la shu. Hayalilowanishi, yanajikusanya matone, yanakimbia. Jani linajitengenezea nta yake ili jua lisilikaushe. Njo maana mukulima anatia sabuni kidogo ndani ya dawa ya wadudu, la sivyo dawa inateleza na kuanguka chini. Shikeni hilo jambo la sabuni, tutalirudilia.

Sasa historia. Mwaka 1836 Ureno ilitoa amri ya kukataza kusafirisha watumwa kutoka makoloni yake. Biashara ile iliendelea kwa kujificha miaka mingi, lakini wafanyabiashara wa Luanda na Benguela walianza kutafuta zaidi mali nyingine ya bara: pembe za ndovu na nta ya nyuki. Nani alikuwa na nta? Wachokwe na majirani zao Walunda, watu wa misitu ya miombo, babu za wengi wetu tunaotoka Dilolo, Kasaji na Sandoa.

Walibandua magome ya miti, wakayaviringisha kuwa mizinga, wakaitundika juu. David Livingstone alipita karibu na ziwa Dilolo mwaka 1854, akaiona mizinga hiyo. Aliandika kwamba nta iliyopakiwa melini kule Luanda na Benguela ilitoka humo. Aliona pia dawa iliyofungwa kwenye shina la mti: mwizi akiiona, anaogopa, anaendelea na njia yake. Kufuli yao ilikuwa hiyo.

Nta ilisafiri juu ya mabega ya watu, kwa miguu, siku nyingi, mpaka baharini. Ulaya ilitaka mishumaa. Baadaye mpira ukachukua nafasi. Kisha ikaja shaba: Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1931 reli ya Benguela ikaunganishwa na reli ya Katanga. Leo tunasema Korido ya Lobito kama vile ni jambo jipya. Haiko mpya. Nta ilipita mbele.

Na gari? Motokari za kwanza zilipakwa vanishi sawa fanicha, na kazi ya kupaka na kukausha ilichukua majuma. Miaka ya 1920 Wamarekani walipata rangi ya selulosi inayokauka upesi, lakini juani ilipoteza mng'ao wake. Mwenye gari akahitaji kuisugua na kuifunika. Nta ya nyuki peke yake haikutosha: ni laini, inashika vumbi, na inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi. Walichanganya na karnauba, nta ya mti mmoja wa jamii ya mchikichi unaoota kaskazini-mashariki ya Brazil. Majani yake yanakatwa, yanaanikwa, yanapigwa mpaka unga wa nta uanguke. Hiyo ni ngumu, inafika nyuzi 82 au zaidi mbele ya kuyeyuka.

Mwaka 1935 H. F. Johnson, mukubwa wa kampuni ya polishi ya Racine, Wisconsin, alisafiri kwa ndege ndogo mpaka Fortaleza, kuona kama miti hiyo itatosha kwa viwanda. Mimi kipande hiki kinanifurahisha sana: tajiri wa polishi anavuka bara kwenda kuuliza habari za jani! Yaani alijua kwamba kiwanda chake kinaanza shambani.

Baada ya vita kuu ya pili, wanakemia waliingiza silikoni na polima nyingine. Humo ndimo ilizaliwa silanti, nta isiyotoka kwa nyuki wala kwa mti. Kwa kawaida silanti nzuri inadumu miezi. Nta ya karnauba inadumu majuma, lakini wengi wanapenda mng'ao wake, hasa kwa gari nyeusi au nyekundu.

Hapa njo watu wanapoteza feza. Silanti inahitaji kushika rangi yenyewe, au ile vanishi safi iliyo juu ya rangi za gari za leo. Nta inalala tu juu. Kwa hiyo silanti kwanza, nta nyuma. Ukigeuza, silanti inateleza juu ya nta sawa dawa juu ya jani la shu.

Gari ya yaya yangu ilifanyiwa hivyo, mahali sitapataja. Nta kwanza, silanti juu, bei mbili. Halafu kila juma waliiosha na sabuni ya unga, ile ya nguo. Mnakumbuka sabuni ya mukulima? Sabuni kali inashinda nta. Mwezi haukuisha, maji yakawa yanalala juu ya kapo kama hakuna kitu kilichopakwa.

Utaratibu wake hauko mgumu. Mwaga maji mengi kwanza, vumbi liondoke, juu vumbi letu lina mchanga ndani na mchanga unakwaruza. Osha na sabuni ya gari. Toa nta ya zamani. Kausha kivulini. Paka silanti nyembamba, ngojea saa zilizoandikwa kwenye kopo, futa. Nta ikufuate, nyembamba pia. Kupaka nene hakuongezi ulinzi, kunaongeza tu kazi ya kufuta. Kwa gari ya kazi inayolala nje na kupita njia ya mgodi, mi naona silanti peke yake inatosha; nta iwe ya harusi na sikukuu. Na hakuna kopo linaloponyesha kutu au mkwaruzo uliofika kwenye chuma.

Lakini kinachonisumbua zaidi hakiko kwenye kapo. Miombo iliyolisha nyuki wa Wachokwe ni miti ileile tunayokata leo kwa makala. Hata wazee walikosa kidogo: mti uliobanduliwa gome zima unakufa, njo maana leo tunafundisha mizinga ya mbao. Nta yetu iliondoka mabonge, na leo polishi inaturudilia ndani ya kopo, kwa dola. Shaba nayo inaondoka bila kuwa waya.

Johnson alipanda ndege kwenda kutafuta shamba la nta. Siye tunaishi ndani yake, na tunaliweka ndani ya mifuko ya makala. Ba-promo ba agronomia, kazi iko pale.