Swali la mama mgeni: tulichokijua mwaka 1973 tukakisahau

SEHEMU YA 1

Leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Leo tuongelee swali. Lile swali ambalo mtu analo moyoni, analizungusha mdomoni, halafu analimeza kwa kuogopa kuchekwa.

Naanza na langu. Nilipokuwa likizo ya uzazi ya mtoto wa pili nilitaka kujifunza kufuma. Nikaunganishwa kwenye kundi la simu la wafumaji, wanawake wengi, kazi zao nzuri mashallah. Siku ya tatu nikauliza: jamani, kofia ya kichanga inafumwa kwa sindano ya namba ngapi? Basi! Mmoja akanijibu, "Rudi juu usome, tumeshasema mara mia." Mwingine akaweka vikatuni vya kucheka. Sikuuliza tena. Uzi ule mpaka leo uko kabatini.

Ningeyaacha hapo, kofia ni kofia tu. Lakini nilirudi kazini, na haukupita mwezi nikafanya yale yale kwa mama mwingine.

Alikuwa binti mdogo, mtoto wake wa kwanza, anaharisha. Nimempa pakiti za ORS, akabaki amesimama. "Nesi, samahani, hii naichanganya na..." Nyuma yake kuna foleni, mimi sijanywa hata chai. Nikamkatiza: "Si nimewaeleza wote pale nje?" Akasema, "Haya nesi, ahsante." Akaondoka.

Siku ya pili akarudi, mtoto amelegea, macho yameingia ndani. Kumbe pakiti nzima alikuwa anaikoroga kwenye kikombe cha chai. Chumvi ya lita moja ndani ya kikombe! Mtoto alipona, alhamdulillahi. Lakini mimi swali lake lile lililokatika katikati halijanitoka. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wahenga hawakutaja yule anayeulizwa. Naye ana sehemu yake.

SEHEMU YA 2

Nilimsimulia bibi yangu, mzaa mama, anaishi Mwera. Akanicheka. Akaniambia, "Nyie mmesoma sana ndio maana hamjui kufundisha. Sisi tulifundishwa na redio, na redio haikutukaripia."

Ndipo nikaanza kufuatilia. Na hii ndiyo historia ninayotaka uijue, kwa sababu ni yetu.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, watu wazima wengi hawakujua kusoma na kuandika. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kama 67 katika kila watu wazima 100 hawajui. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshalisema mapema: tukingoja watoto wa shule wakue ndipo nchi ibadilike, tutangoja miaka mingi. Tuanze na wazazi wao. Usiku wa kuamkia mwaka 1970 alilihutubia taifa na kuutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Sasa fikiria hali ya bibi. Mwanamke wa pwani, Qurani ameihitimu chuoni, herufi za Kiarabu anazisoma bila kusita. Lakini kwa herufi za shule, ni mwanafunzi wa kwanza kabisa. Anaingia darasa la kisomo cha jioni, mwalimu wake ni kijana ambaye juzi tu alikuwa anamtuma dukani. Pembeni ameketi mkwewe. Akikosea kusoma "ba, be, bi", mji mzima utajua kesho.

Bibi anasema jioni ya kwanza alifika mlangoni akarudi. Ya pili vilevile. Ya tatu yule kijana akatoka nje, akamwamkia, "Shikamoo bibi," akamwambia, "Naomba uniandikie jina langu kwa herufi unazozijua wewe." Bibi akaliandika kwa Kiarabu. Kijana akalitazama, akasema, "Mimi hapa sijui hata pa kuanzia kusoma. Ingia, tubadilishane."

Akaingia.

Mama mwenzangu, yule kijana hakumpa bibi somo lolote mlangoni pale. Alimwonyesha tu kwamba kutojua si aibu, maana na yeye kuna asichokijua. Kila mgeni wa jambo moja ni mwenyeji wa jambo jingine.

SEHEMU YA 3

Sasa tuje kwenye redio ya bibi.

Mwaka 1971, nchi ikitimiza miaka kumi ya uhuru, ilifanywa kampeni iliyoitwa Wakati wa Furaha. Watu walikusanyika kwenye vikundi vidogo, wanasikiliza kipindi cha redio, halafu wanazungumza. Walishiriki kama watu 20,000. Walioandaa, chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliyokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakaona njia ile inafaa. Wakataka kuitumia kwa jambo linaloua watu: maradhi.

Mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya. Wakubwa wenu nyumbani wanaikumbuka, waulizeni. Kulikuwa na nyimbo, na hata vitambaa vilivyochapwa jina hilo. Kwa wiki 12 Radio Tanzania ilitangaza masomo ya malaria, safura, kuhara, kichocho, kifua kikuu, maji na vyoo. Viongozi wa vikundi kama 75,000 walifundishwa kabla. Walioshiriki walikaribia milioni mbili, na nchi nzima wakati ule ilikuwa na watu kama milioni 14 tu. Vyoo vilivyochimbwa au kutengenezwa upya vilikuwa malaki.

Hakukuwa na simu mkononi. Vijiji vingi havikuwa na umeme. Kulikuwa na redio ya betri juu ya kigoda, kijitabu, na watu wamekaa chini ya mwembe.

Sitaki nipake rangi nzuri kila kitu. Miaka ile ile ndiyo ya Operesheni Vijiji, watu walihamishwa, na sehemu nyingine walihamishwa kwa nguvu. Wazee wanaoikumbuka Mtu ni Afya kwa furaha wanayakumbuka na hayo pia. Lakini jambo jema halifutwi na baya lililokaa jirani yake, ndiyo maana nalisimulia.

SEHEMU YA 4

Kwa nini watu wale waliuliza, wakati leo tuna simu na bado tunaogopa? Nimeona mambo matatu.

La kwanza, kikundi kilikuwa kidogo. Watu wachache wanaojuana, wanakutana kila wiki. Mtu anayeona haya mbele ya watu mia hana haya mbele ya kumi. Hata wewe unalijua hili: kliniki, kwenye benchi, maswali yenu mnaulizana wenyewe kwa sauti ya chini. Nikitokea mimi na yunifomu, kimya.

La pili, kiongozi hakuwa bingwa. Hakuwa daktari, mara nyingi hata nesi hakuwa. Alifundishwa kuongoza mazungumzo, si kuhutubia. Watu wanakaa duara, redio inasema, kijitabu kinasomwa kwa sauti ili asiyejua kusoma naye apate, halafu anauliza: na hapa kwetu hali ikoje? Mtu akisema hajaelewa, somo ndipo linapoanza.

Bibi anakumbuka mama mmoja aliuliza, "Huyu mdudu wa safura anaingiaje mwilini, na mimi sili udongo?" Watu wakacheka. Kiongozi akangoja kicheko kiishe, kisha akamuuliza aliyecheka kwa sauti kuliko wote: "Haya, wewe tuambie, anaingiaje?" Yule bwana hakujua! Wakafungua kijitabu. Kumbe anapenya kwenye ngozi ya mguu, unapokanyaga peku udongo wenye kinyesi. Siku hiyo, bibi anasema, alijua kwamba wengi wanaocheka nao hawajui, wamewahi tu kucheka.

La tatu, jibu lilikuwa na kazi ya kufanya. Kikundi hakikuishia kusema "tumeelewa." Waliamua: kesho tunafukia dimbwi lile, Jumamosi tunachimba choo cha bibi fulani. Swali la mgeni likageuka kazi ya wote, kwa hiyo aliyeuliza akawa ameleta faida, hakuwa amepotezea watu muda.

Na matokeo? Kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walishuka kutoka 67 katika 100 mwaka 1967 hadi kama 10 mwaka 1986. Baadaye uchumi ulibana, madarasa ya jioni yakafifia, na idadi ikaanza kupanda tena.

SEHEMU YA 5

Nikupeleke mbali kidogo, halafu turudi Pangani.

Bangladesh, mwaka 1980. Watoto wanakufa kwa kuhara, hospitali ziko mbali. Shirika moja la kule, BRAC, likatuma wanawake waende nyumba kwa nyumba kumfundisha kila mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari. Kwa miaka kumi walifika nyumba zaidi ya milioni 12.

Utamu uko hapa. Baadaye alikuja mtu mwingine kuwauliza baadhi ya akina mama: unakumbuka nini? Hebu tengeneza nione. Mama akikumbuka vizuri, mwalimu wake analipwa zaidi. Mama akisahau, mshahara wa mwalimu unapungua. Yaani anayepewa maksi ni mwalimu!

Niliposoma hivyo nilimkumbuka yule binti na kikombe chake. Kwa kipimo cha Bangladesh, aliyefeli siku ile ni mimi.

(Tafadhali: hapa kwetu usipime chumvi na sukari kwa kubahatisha. Tumia ORS, zipo.)

SEHEMU YA 6, YA MWISHO

Basi tufanyeje? Mimi nimebadili haya kazini, na wewe unaweza kuyachukua kwenye kundi lako la mapishi, la kushona, la kusuka ukili, la wazazi wa darasa la kwanza, popote pale.

Sisemi tena "umeelewa?" Kila mtu hujibu ndiyo. Nasema, "Hebu nieleze mimi, ukifika nyumbani utafanyaje?" Akikosea, najilaumu mimi niliyeeleza, naeleza upya.

Swali lililoulizwa mara mia nalijibu mara ya mia na moja. Kwangu ni la mia, kwa yule mama ni la kwanza. Kama limechosha, liandikeni jibu zuri moja, mgeni akija apewe kwa mkono, asiambiwe akalitafute.

Akicheka mtu, fanya kama yule kiongozi wa mwaka 1973: mpe aliyecheka nafasi ajibu.

Na nyie wenye kujua, semeni mlivyokosea mwanzo. Mpishi akisema "keki yangu ya kwanza mbwa aliikataa," wageni watano watapata ujasiri wa kuuliza.

Kwako wewe unayeogopa: mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi, nesi wako, nakuomba unisumbue. Nikionekana nina haraka, uliza hivyo hivyo. Nikijibu vibaya, uliza tena, maana mtoto ni wako.

Tufunge na lile swali la yule binti, nilijibu leo kama nilivyotakiwa. Pakiti ya ORS, soma ilivyoandikwa, nyingi ni za lita moja. Lita moja ni chupa mbili za maji za nusu lita. Maji safi na salama, yaliyochemshwa yakapoa. Mimina pakiti yote, koroga, mpe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika ngoja dakika kumi, anza tena polepole. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Anayenyonya aendelee kunyonya. Na zinki umalizie siku zote ulizoandikiwa, hata kuharisha kukikata. Akilegea, akishindwa kunywa, au ukiona damu kwenye choo, usingoje asubuhi, hata kama ni usiku na uko ng'ambo ya Bweni. Njoo.

Yule binti siku hizi akija kliniki yeye ndiye anayewaeleza wenzake kwenye benchi habari ya chupa mbili. Juzi alinifundisha na kitu: kofia ya kichanga, sindano namba nne.

Haya, uwanja wenu. Ulizeni chochote. Atakayecheka, atajibu yeye.