Ndoa na Ukimya katika Charulata

Filamu ya Charulata, iliyoongozwa na Satyajit Ray mwaka 1964, ina chimbuko lake katika Nastanirh, novela ya Rabindranath Tagore ya mwaka 1901. Visa vyake vinatokea Calcutta karibu na mwaka 1880, wakati ambapo baadhi ya wasomi wa Kibengali waliutetea uhuru kwa lugha ya Kiingereza. Bhupati, mhariri wa gazeti la siasa, ni mmoja wao. Anapigania haki za umma ilhali mkewe, Charu, anazunguka chumba hadi chumba akiwatazama wapita njia kwa darubini. Mume anapita karibu naye, macho kitabuni, asimwone. Charu anamwelekezea darubini ile ile. Anayeulalamikia mwendo wa pole wa filamu hii hajaona kwamba ndio unaoupima upweke wa Charu.

Usaliti wenyewe, ikiwa jina hilo linafaa, unaanzia kwenye kalamu. Charu na Amal, binamu wa Bhupati, wanakaribiana kwa kusoma na kuandika, jambo ambalo mume (mtu wa magazeti!) halishuku. Analitambua anapomkuta mkewe akimlilia Amal, aliyekwisha kuondoka. Tagore anafunga hadithi kwa kauli ya Charu ya kukataa kuandamana na mumewe. Ray anaigandisha picha, mikono miwili ikielekeana bila kugusana.