Nuru Akiba, Wala Si Fosforasi

Imenifikia hapa Kamanga, kwa mkono wa rafiki anayesomesha fizikia katika shule moja ya Sengerema, orodha ya istilahi za sayansi iliyopigwa chapa kwa herufi za kupendeza. Na ndani yake, katikati ya maneno mengi ambayo mimi ni wa kwanza kuyasifu, nimekuta kwamba ile nuru ya kijani inayosalia juu ya akrabu na nukta za saa ya mkono baada ya taa kuzimwa imepewa jina la mmuliko fosforasi. Nilidhani kwanza ni ghalati ya mpiga chapa. Lakini maelezo yaliyofuata jina hilo yaliniondolea tashwishi, maana yalisema kwa yakini kabisa kwamba nyuso za saa hizo hupakwa rangi yenye fosforasi, jambo ambalo si kweli kwa saa za zamani wala kwa saa za leo, na ambalo fundi yeyote aliyewahi kufungua saa angaliwaambia waandishi hao kama wangalimwuliza.

Najua kosa hili lilikotoka, na ni wajibu kulieleza ili lisirudiwe. Wayunani wa kale waliiita nyota ya alfajiri, ambayo sisi huiita Zuhura, kwa jina la phosphoros, yaani mchukuzi wa nuru. Mwanzoni mwa karne ya 17 mshona viatu wa Bologna, Vincenzo Casciarolo, alichoma jiwe zito aliloliokota mlimani akitumaini kupata dhahabu, akaliona likitoa nuru gizani baada ya kuanikwa juani. Na jiwe hilo, ambalo ni la bariamu na kibiriti, wataalamu wa Ulaya wakalivika jina la nyota. Ndipo mwaka 1669 Hennig Brand wa Hamburg, naye mtafuta dhahabu, akachemsha mikojo mingi hata akabakiwa na kitu cheupe kinachong'aa chenyewe, na jina lile lile likahamia kwake, likakaa huko hata leo. Basi jina ni la nyota kabla ya kuwa la elementi. Tena ajabu ya mambo ni kwamba nuru ya fosforasi yenyewe haimo katika jamii hii tunayoizungumzia, kwa kuwa hutokana na kuungua kwake polepole inapokutana na hewa, wala haikuwekwa na jua wala taa. Mfasiri aliyeona neno la kigeni, phosphorescence, linaanza kwa sauti za fosforasi akakimbilia fosforasi amefasiri sauti, hakufasiri maana.

Kama ni lazima tutaje elementi, rangi ya saa za zamani ilikuwa ni zinki na kibiriti, kile ambacho wazee wa pwani walikiita kibiriti upele kwa sababu ya kazi yake ya dawa. Na rangi ya leo ni aluminati ya stronshiamu, iliyotiwa chembe za yuropiamu na disprosiamu, ambayo kampuni ya Nemoto ya Japani iliitoa mwaka 1993, na ambayo hung'aa kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko ile ya zamani. Fosforasi haimo humo.

Wako wengine ambao wameliona kosa hilo wakajaribu kulitibu, na kwa insafu nitazitaja dawa zao bila kutaja majina yao. Mmoja amependekeza umulimuli, kwa sababu kimulimuli hung'aa usiku. Lakini mdudu yule huitengeneza nuru yake tumboni mwake kwa kemia ya mwili, usiku kwa usiku, bila kukopa kitu kwa jua; fauka ya hayo, neno kimulimuli limekwisha kuchukuliwa na taa zinazozunguka juu ya magari ya polisi na ya wagonjwa, na mwanafunzi atakayelisikia darasani atageuza shingo kutazama barabarani. Mwingine amesema mbalamwezi, akasahau kwamba mwezi hauweki chochote, bali hurudisha papo hapo nuru ya jua inayoupiga. Wa tatu, ambaye ameridhika kupita wote, hutumia maneno rangi ing'aayo gizani, na hili silo jina bali ni maelezo, tena maelezo yanayochanganya vitu vitatu vilivyo mbali mbali: kinachorudisha nuru, kinachoizalisha, na kinachoiweka. Jina la kitaalamu lisiloweza kutenga vitu vitatu halijafanya kazi yake.

Jina ninalolitetea ni nuru akiba, na nitaeleza kila nusu yake. Tunayo mwanga, mng'ao, mwako na nuru, wala si kweli kwamba maneno hayo ni mamoja. Mwako una moto ndani yake. Mng'ao ni wa kitu kilichosuguliwa, kama sufuria iliyopigwa mchanga ufukweni, kinachopokea nuru na kuirudisha papo hapo bila kuiweka. Mwanga ni wa jua na taa, na juu ya hayo una uzito wake usiopendeza, kwa kuwa mwanga vilevile ni mchawi atembeaye usiku, na mwalimu mwenye busara hatataka kuyakutanisha mwanga na giza katika istilahi moja. Nuru ndiyo iliyosalia. Asili yake ni Kiarabu, imekaa nasi karne nyingi hata haionekani tena kuwa ngeni, na hutajwa bila kulazimu kutajwa chombo kilichoitoa.

Ama akiba, hilo ndilo neno ambalo kwa ajili yake nimeishika kalamu. Mzizi wake katika Kiarabu ni ain, qaf na ba, na maana mojawapo kongwe ya mzizi huo ni kisigino. Kutokana na kisigino ikazaliwa maana ya kufuata nyuma, kwa kuwa afuataye hukanyaga palipotoka kisigino cha mwenziwe. Na kutokana na kufuata ikazaliwa aqiba, yaani mwisho wa jambo na kile kinachokuja baada yake. Waswahili walipolipokea neno hilo hawakulihifadhi kama lilivyokuja, bali waliligeuza kwa hikima yao wenyewe: lililokuwa jambo lijalo baadaye likawa kitu kinachowekwa leo kwa ajili ya baadaye, ndipo tukapata akiba ya nafaka, akiba ya fedha, jeshi la akiba, na hata akiba ya maneno, ambayo mtu mzima hushauriwa aiweke anapogombana. Na wahenga walipotaka kulipa neno hilo heshima yake walisema akiba haiozi.

Sasa na itazamwe saa kwa neno hilo. Nuru ya jua inapoipiga rangi ile, elektroni za ndani ya fuwele hupandishwa kutoka mahali pake, na baadhi yake hunaswa katika vijishimo vilivyotokana na zile chembe zilizotiwa kwa makusudi; hukaa humo mpaka joto la kawaida la hewa na la mkono wa mvaaji lizitoe moja moja, na kila inayotoka na kurudi mahali pake huacha chembe ya nuru. Ndiyo maana saa hung'aa sana mwanzoni, kisha hupungua, kisha hupungua polepole zaidi, hata alfajiri ikawa haionekani ila kwa jicho lililokwisha kuzoea giza. Kilichowekwa mchana kinatumika usiku, na kinatumika kwa kiasi kilichowekwa. Maana zote mbili za mzizi ule wa kale, yaani kuja baadaye na kuwekwa kwa ajili ya baadaye, zimekutana katika nukta moja ya rangi isiyozidi punje ya mtama, na mimi sijui istilahi nyingine ya fizikia katika Kiswahili ambayo asili yake imeafikiana na kitu chake namna hii.

Nimepingwa kwa hoja moja tu yenye uzito. Imesemwa kwamba nuru ya akiba itadhaniwa kuwa ni taa ya dharura, ile inayowashwa umeme unapokatika. Hoja hiyo ingekuwa sahihi lau ningeliandika nuru ya akiba. Lakini mimi naandika nuru akiba, bila kiunganishi, kwa mwendo ule ule ambao lugha yetu imesema punda milia wala si punda wa milia, na askari kanzu wala si askari wa kanzu. Kiunganishi kikiondoka, maneno mawili huwa kitu kimoja chenye maana yake peke yake. Kanuni hiyo ni kongwe kuliko kamati zote, na nilipoieleza kwa barua ndefu mahali fulani panaposhughulikia mambo haya, sikupata jibu la kukubali wala la kukataa, jambo ambalo silihesabu kuwa ni adabu ya wanazuoni.

Na hapa inafaa kuuliza istilahi ni nini. Neno lenyewe ni la Kiarabu, nalo limetoka katika mzizi ule ule uliotupa suluhu na maslahi. Maana yake ni mapatano. Istilahi ni jambo ambalo watu wa kazi moja wamepatana juu yake, na jina lililotungwa mezani pasipo mmoja wa watu hao kuwapo linaweza kuwa amri au matakwa, lakini mapatano sharti yawe na pande mbili. Mimi sikulitunga neno hili peke yangu. Nililisikia ng'ambo ya pili, Mwanza mjini, karibu na Makoroboi, mtaa uliopata jina lake kwa taa ndogo za makopo zilizofuliwa pale, kwa mzee mmoja fundi saa. Mvuvi wa dagaa wa huku kwetu alikuwa amenituma na Seiko 5 yake ya zamani, saa ya bei nafuu ya aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1963, kwa kuwa katika siku za giza, mwezi usipokuwapo, taa za uvuvi huelea juu ya vyelezo mbali na mtumbwi, naye hukaa gizani asiweze kusoma saa. Nilimwambia fundi kwamba rangi imekufa. Aliiweka chini ya taa yake, akaifunika kwa kiganja, akachungulia baina ya vidole.

"Haijafa, mwalimu," akasema. "Haiweki akiba tena."

Kisha akazing'oa akrabu zote mbili kwa kibanio, akakwangua kwa kijiti cha meno ukoko wa rangi ya kahawa uliokuwa katika tundu zake, akachanganya unga mpya na vanishi kidogo, maana unga huu huharibiwa na maji, akautia kwa ncha ya sindano upande wa nyuma wa kila akrabu, na tone likajitandaza lenyewe kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Akazifunika kwa bilauri zisipate vumbi hadi zikauke. Mtu aliyefanya kazi hiyo na kusema maneno hayo alikuwa na haki ya kuulizwa kabla orodha haijapigwa chapa.

Wala isidhaniwe kwamba huu ni ugomvi wa wapenda maneno tu. Baada ya Marie na Pierre Curie kugundua rediamu mwaka 1898, watengenezaji wa saa walikuja kuichanganya na zinki na kibiriti, ikailisha rangi usiku na mchana pasipo haja ya jua. Na wasichana waliozipaka saa hizo huko Orange, New Jersey, wakinyoosha ncha za brashi kwa midomo yao, waliliwa mifupa na mataya, hata watano miongoni mwao wakafika mahakamani na kulipwa fidia mwaka 1928. Nusu ya rediamu hutoweka kwa miaka 1,600, ilhali zinki na kibiriti huharibika katika miaka michache. Kwa hiyo saa iliyoacha kung'aa zamani ingali na sumu yake karibu yote. Nuru ya namna hiyo siyo akiba, kwa kuwa haikungoja kuwekewa, nami napendekeza iitwe nuru mkesha. Kijana fundi aliyefundishwa kwamba zote mbili ni mmuliko fosforasi atakwangua zote mbili kwa kijiti kile kile, na vumbi la moja kati ya hizo litaingia katika pafu lake.

Kwa matumizi, inatosha kusema hivi: nuru akiba huandikwa maneno mawili, huwekwa, hupungua na hwisha, saa iliyoandikwa herufi T upande wa chini wa uso wake ina tritiamu, ambayo nayo ni ya nuru mkesha, na saa nyingi zilizong'aa kabla ya miaka ya 1960 kwisha zina rediamu, nazo zisikwanguliwe, bali iulizwe Tume ya Nguvu za Atomiki.

Nawasihi walimu wa fizikia, watunzi wa mitihani na mafundi wa mitaani wapatane juu ya jina hili, walitumie darasani na mezani, na walisahihishe pale wanapokuta jingine. Ama waandishi wa orodha, kosa lao la kwanza naliita bahati mbaya. Lakini orodha itakayopigwa chapa tena na fosforasi ile ile ndani yake itakuwa imeeneza uongo kwa kujua.