Udongo Chini, Bati Juu

Ukipita kwa basi kati ya Morogoro na Dodoma, paa peke yake linakueleza habari za kaya. Bati jipya linalong'aa maana yake kuna mtoto anayefanya kazi mjini, au alizeti ya mwaka huu imelipa. Bati lenye kutu lililowekewa mawe juu ili lisipeperushwe na upepo maana yake pesa ziliishia hapo. Nyumba ya tembe, ile ya Wagogo yenye paa bapa la udongo, imekuwa adimu, na pale inapoonekana wapita njia huihesabu kuwa dalili ya ufukara.

Tembe haikubuniwa na wajinga. Mvua ya Dodoma kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka na miti mirefu ni haba, kwa hiyo paa la mteremko halikuwa la lazima. Magogo yalilazwa, fito zikapangwa juu yake, kisha tabaka nene la udongo. Jua la mchana lilichelewa kupenya, na usiku wa baridi wa nyanda za juu ukakuta kuta zina joto. Lakini ndani mlikuwa na giza na moshi, na katika nyufa za sakafu walikaa papasi, wale wanaoeneza homa. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilipowahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, si kila aliyeiacha tembe yake alilia. Anayeusifia udongo huku mwenyewe analala kwenye nyumba ya bloku asikilizwe kwa tahadhari.

Kisa cha Hassan Fathy wa Misri kinafundisha hilo. Mwaka 1945 msanifu huyo alikabidhiwa kazi ya kujenga kijiji kipya cha Gourna, karibu na Luxor, kwa ajili ya familia zilizokuwa zikiishi juu ya makaburi ya kale na kujipatia riziki humo. Alileta waashi wa Kinubi kutoka upande wa Aswan, mabingwa wa kupandisha kuba kwa tofali za matope bila kuegemeza mbao. Nyumba zilikuwa na ubaridi, ua na uzuri ambao wanafunzi wa usanifu wanausoma hadi leo. Wenyewe waliokusudiwa wakakataa kuhamia. Riziki yao ilikuwa kule kule makaburini, na tena kuba kwao lilikuwa jambo la kufunikia maiti, si la kulalia. Fathy alijua mengi kuhusu joto, machache kuhusu majirani zake.

Huko Djenné, Mali, udongo umedumu kwa sababu mji unautunza. Msikiti mkuu uliopo sasa ulijengwa mwaka 1907, na kila mwaka mji mzima hutoka kuusiriba upya. Vijana hukanyaga matope yaliyochanganywa na pumba za mpunga, wengine hubeba vikapu mbio, na waashi hupanda kwenye vijiti vya mivumo vilivyochomoza ukutani, ambavyo ni pambo na ngazi kwa pamoja. Hiyo ndiyo gharama ya udongo: hudai pesa kidogo, hudai watu wengi. Msikiti una mji nyuma yake. Mwenye nyumba ya kawaida ana wanawe, na pengine wote wako Bamako. Ndiyo maana baadhi ya wakazi wa Djenné walianza kufunika kuta zao kwa vigae vya kuchoma, na wahifadhi wakalalamika. Mimi naelewa pande zote mbili, ila anayelipa mwashi kila mwaka namwelewa zaidi.

Pwani yetu nayo ina hesabu yake. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na vyumba vikawa vyembamba na virefu kwa sababu boriti haiwezi kuvuka upana mkubwa. Chokaa ni laini na ina vinyweleo, kwa hiyo unyevu na chumvi inayopanda kutoka chini hupata pa kutokea. Sasa fundi anakuja na mfuko wa saruji na mchanga, anapiga lipu ngumu siku moja na kuondoka. Ukuta unapendeza. Baada ya misimu michache lipu inavimba, ukiigonga inalia uwazi, kisha inabanduka pamoja na ngozi ya matumbawe iliyokuwa nyuma yake, kwa sababu maji yalifungiwa ndani.

Hata hivyo kusema vitu vya asili havina madhara ni kujidanganya. Chokaa hiyo hiyo ilichomwa juu ya milundo ya magogo. Tofali za kuchoma, zinazopendwa vijijini kuanzia Mbeya hadi Kagera, hutengenezwa kwa udongo mtupu, lakini tanuri moja humeza kuni ambazo zingepikia familia kwa muda mrefu. Na bati, pamoja na joto lake la saa nane mchana na kelele zake za mvua, ukilifungia gata na pipa linampunguzia mama safari za kisimani. Paa la nyasi haliwezi kazi hiyo vizuri.

Jibu bora nililoliona katika vitabu vya fani hii linatoka Gando, Burkina Faso. Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho aliyesomea usanifu Berlin, alikamilisha ujenzi wa shule ya msingi ya hapo mwaka 2001. Wanakijiji walikuwa na shaka, maana kuta za udongo walizozijua huoshwa na mvua. Akashindilia udongo na saruji kidogo kupata tofali, dari akalifanya la tofali zilezile likiwa na mianya, kisha bati akaliinua juu ya kenchi za nondo, mbali na dari. Hewa ya moto hutoka kwenye mianya, upepo hupita chini ya bati na kuichukua, na upenu mpana hukinga kuta. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, nayo ya usanifu.

Kwetu tofali za kufungamana, za udongo na saruji kidogo, hukandamizwa kwa mashine ya mkono na hazihitaji kuni hata moja. Kwa hiyo mwenye pesa za bati na mifuko michache tu ya saruji aziweke kwenye paa na msingi. Ukuta auachie udongo, upenu autoe mbali, chini ya bati aweke dari. Na fundi akimshauri apige lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo ili nyumba ipendeze, amkatalie.