Litowa: Kijiji Kilichoitangulia Sera

Aghalabu historia ya vijiji vya ujamaa huanzishwa na Azimio la Arusha la Februari 1967. Mpangilio huo wa tarehe huficha jambo la msingi. Huko Litowa, katika nchi ya Songea, kijiji cha namna hiyo kilianzishwa kabla Tanganyika haijapata uhuru.

Waanzilishi wake walikuwa wanachama wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga. Jaribio lao la kwanza, mwaka 1960, lilivunjwa na njaa. Walirudi mwaka 1961, na tangu hapo chakula kilitangulizwa, zao la biashara likafuata. Mwaka 1963 ukaundwa muungano wa vijiji, Chama cha Maendeleo ya Ruvuma. Mshauri wake, Mwingereza Ralph Ibbott, alikuwa ametoka Rhodesia ya Kusini, alikoshiriki katika shamba la ushirika la misheni ya St Faith's.

Nguvu ya Litowa haikuwa katika mavuno, ambayo kwa kweli hayakuwa ya ajabu. Ilikuwa katika mkutano wa wanakijiji: humo ndimo kazi ilimopangwa, mapato yakagawanywa na viongozi wakahojiwa. Shule yake, chini ya mwalimu Suleman Toroka, iliwafundisha watoto wa vijiji wanachama darasani na shambani, kabla Nyerere hajatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Chama kilimiliki pia mashine ya kusaga nafaka mjini Songea. Kufikia 1969 vijiji vilikuwa takriban 17.

Uhuru huo ndio uliozaa uhasama. Viongozi wa mkoa walitaka tumbaku ipanuliwe. Wanakijiji walitaka kujiamulia wenyewe. Nyerere alikuwa amekitetea chama hicho kwa miaka kadhaa, na katika Ujamaa Vijijini, waraka wa mwaka huohuo wa 1967, alisisitiza kwamba watu wasilazimishwe. Hata hivyo, tarehe 24 Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU, ambayo mwenyekiti wake alikuwa yeye mwenyewe, ilikipiga marufuku. Mali ilitwaliwa, walimu wakahamishwa, wageni wakaondoka.

Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kufikia mwisho wa 1976 kuishi vijijini kungekuwa lazima. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa nguvu, na katika vijiji vingi vipya shamba la pamoja lilikuwa la jina tu.